Prosesa inapanda degre 95: tafuta kwanza joto limekwama wapi

Wengi kati yetu tumejijengea ordinatere ya mezani sisi wenyewe. Kadi-mama ya okazio, prosesa iliyotoka ku masini ya biro, alimentasio mpya, kasha ya bei ya chini. Ni akili nzuri, juu laptopu yenye nguvu ile ile inauma mfuko zaidi. Shida inakuja wiki ya kudepoze memwari. Unafungua QGIS, unaanza kukata karte za bonde lako, vantilatere inalia kama moto-pompe, kisha masini inazimika pu! Hapo utasikia ushauri wa kila aina: badilisha prosesa, badilisha alimentasio, ni kuran mbaya ya kartie. Kila ushauri uko na bei yake, na pesa ya memwari inaishia kwa vipande.

Tuanzie ku kitu chenye watu wa agronomia tunakijua. Lundo dogo la komposti halipate moto sana, lakini lundo kubwa linafika degre 60 na zaidi katikati. Vidudu vinavyotoa joto ni vile vile. Tofauti ni kwamba ndani ya lundo kubwa joto linakosa njia ya kutoka. Prosesa ni sawa vile. Core i7-4770, kwa mfano, imepangiwa wati 84, na karibu zote zinageuka joto, juu ya kipande cha silisiumu kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Lile joto lazima lipite kifuniko cha chuma, kisha pati, kisha radiatere, kisha hewa ya ndani ya kasha, kisha hewa ya chumba. Likikwama hatua moja tu, hatua zote za nyuma zinapanda. Kazi yako ni kutafuta hatua gani imekwama, na kazi hiyo haiombe dola hata moja.

Kwanza pima. Ku Windows kuna programu ya bure inaitwa HWiNFO. Ku Linux weka lm-sensors, halafu andika sensors. Soma degre masini ikiwa haina kazi, kisha ipe kazi nzito dakika 15 (Cinebench, ama ile skripti yako ya R yenye inakula prosesa zote) na usome tena. Andika pia degre za chumba, juu radiatere haiwezi kushusha prosesa chini ya hewa inayoizunguka. Kama chumba ni degre 24 na prosesa ni 84, umeongeza 60. Mchana chumba kikifika 30, utakuwa ku 90 na hakuna kitu kimeharibika.

Sasa, 90 ni mbaya? Inategemea. Prosesa nyingi za Intel zimepangiwa mwisho wa degre 100. Ryzen 5 5600 ni 90. Kwa Ryzen 7000 kama 7600X, zilizotoka 2022, AMD wenyewe walisema 95 chini ya kazi nzito ni kawaida yake. Prosesa ikigusa mwisho wake inapunguza mwendo yenyewe, na joto likizidi bado, inazima masini ili isiungue. Kwa hiyo si rahisi prosesa ife kwa joto. Unachopoteza ni mwendo, na kazi yenye haukuhifadhi. Na kama masini inazimika wakati prosesa iko ku 60 tu, acha radiatere yako kwa amani, uende kuangalia alimentasio, ondulere na kuran. Kuran ya chini inaweza kuzima masini, ndiyo, lakini haipandishe prosesa degre 95, juu alimentasio na kadi-mama ndizo zinaipatia prosesa volti yake.

Namna degre zinavyopanda njo inasema mengi. Zikiruka toka 40 mpaka 95 kwa sekunde mbili tatu, joto halifike hata ku radiatere: shida iko kati ya prosesa na radiatere. Zikipanda pole pole kwa dakika 10 ama 20, radiatere inapokea joto lakini hewa hailitoe. Fungua ubavu wa kasha na urudilie kipimo. Zikishuka degre 10, kasha yako haipumue. Zisiposhuka, rudi ku radiatere yenyewe.

Hapa ku radiatere njo masini nyingi za nyumbani zinaanguka, kwa hiyo tukae kidogo. Radiatere ya Intel ya bure iko na miguu minne ya plastiki ya kusukuma. Mguu mmoja usipoingia mpaka ulie «tak», radiatere inainama upande na pati haishike pande zote. Geuza kadi-mama uangalie nyuma: ncha zote nne lazima zionekane zimetoka sawa sawa. Radiatere nyingine ziko na kikaratasi cha plastiki chini, cha kulinda chuma, na mtu anafunga juu yake bila kukiondoa. Nilikuta hiyo ku masini ya mwenzetu mmoja, fundi akiwa amekwisha kumwambia anunue prosesa ingine. Tulitoa kile kikaratasi, tukaweka pati, basi.

Pati yenyewe inakauka na miaka, hasa ku vipande vya okazio. Kuitoa, washa kwanza masini dakika kumi ili pati ilainike, zima, chomoa waya wa kuran, halafu zungusha radiatere kulia na kushoto kabla ya kuinua. Ku AMD za soketi AM4 usiivute moja kwa moja juu: prosesa inaweza kung'oka nayo na pini zikapinda, na hapo sasa ni matumizi ya kweli. Futa pati ya zamani na alkoli ya farmasi na kitambaa kisichotoa nyuzi, uache ikauke. Pati mpya, weka kiasi cha mbegu moja ya soya katikati. Si kijiko! Kazi yake ni kujaza mashimo madogo ya chuma. Ikizidi inakuwa blanketi. Dawa ya meno inafanya kazi siku chache kisha inakauka, kwa hiyo wale wanaoisifu waliipima siku ya kwanza tu. Kama ni vizi, kaza kwa msalaba, kidogo kidogo, vile unakaza bulo za gurudumu.

Kuhusu hewa: vantilatere inavuta upande ulio wazi na kusukuma upande wenye vijiti vinavyoshika mota. Ya mbele iingize, ya nyuma itoe. Vumbi, na watu wa Goma tunajua vumbi letu jeusi la volkano, litoe kwa burashi kavu, masini ikiwa imezimwa, huku umeshika mapanga yasizunguke. Usipulize kwa mdomo, mate yanaingia. Usiweke kasha ndani ya kabati ama imebanwa ku ukuta. Kitu kingine chenye hakisemwi sana: Goma na Bukavu ziko karibu mita 1,500 juu ya bahari, na hewa ya huku ni nyepesi kwa kama 15% kuliko ya Matadi. Vantilatere ile ile, mzunguko ule ule, inabeba joto kidogo zaidi chini. Bahati yetu chumba si cha moto kama kule.

Ukimaliza hayo yote na bado uko juu, punguza wati kabla ya kununua radiatere kubwa. Ku Ryzen nyingi, ndani ya biosi kuna chaguo la Eko. Ku Intel, biosi nyingi zinakuacha kuweka mpaka wa wati: Core i5-12400 imeandikwa 65 lakini inaruhusiwa kupanda 117, na kadi-mama nyingine zinaiacha huko juu muda wote. Ku Windows, katika mipangilio ya kuran, kiwango cha juu cha prosesa ukikitoa ku 100% ukiweka 99%, masini nyingi zinaacha tirbo na degre zinaanguka palepale. Karte yako itachukua dakika zaidi kutoka. Lakini ukiwa unafanya kazi usiku ku batiri na paneli za solere, wati zile zenye prosesa haikukula zinabaki ndani ya batiri, na ekrani inakaa ikiwaka muda mrefu zaidi.