Sauti inapita, butoni haipiti: shida ya simu za intaneti



Tuseme mradi mmoja wa kilimo umeweka numero ya kupigia. Mulimaji anaita, anasikia: "Finya 1 kwa mahindi, finya 2 kwa mihogo." Sauti iko safi kabisa. Anafinya 2, kimya. Anafinya tena, kimya. Inite zinaisha, anakata. Kiisha ku rapore wanaandika kama walimaji hawapendi teknolojia. Kumbe mulimaji hana kosa. Ile 2 yake ilipotea njiani, kati ya rezo ya simu na serveri ya mradi.

Inapotea namna gani? Tangu 1963, wakati Bell ya Marekani ilileta simu ya butoni, kila butoni inatoa milio miwili pamoja. Ya 5 ni hezi 770 na hezi 1336. Mashine ya upande wa pili inasikiliza hiyo milio, inajua umefinya nini.

Simu ya intaneti inakata sauti vipande-vipande, na mara nyingi inaibana ili isikule intaneti mingi. Kodeki G.711 inatumia kilobiti 64 kwa segonde, G.729 inatumia 8 tu. Lakini G.729 ilitengenezwa kwa maneno ya mutu. Mlio wa butoni ukipita mule, unatoka umeharibika.

Njo maana leo kuko njia tatu za kutuma butoni:

1. Kuacha mlio ndani ya sauti, kama zamani. Inafaa na G.711, si na G.729.
2. Kutuma pakiti ya pekee katika njia ya sauti, yenye kusema tu "ni 5". Hii ni RFC 2833 ya mwaka 2000, ambayo RFC 4733 ilichukua nafasi yake 2006.
3. Kutuma ujumbe wa SIP INFO, pembeni ya sauti. Hapa wauzaji hawakuandika sawasawa: mumoja anatuma "Signal=5" na muda wake, mwengine anatuma namba peke yake.

Sasa shida njo hii: mashine A inatuma kwa njia ya tatu, mashine B inangojea ya pili. Sauti inapita, butoni haipiti. Ao A inatuma kwa njia mbili pamoja, B inahesabu zote: 2 inakuwa 22, na kodi ya siri inakataliwa. Ao tena, ile pakiti ya pekee inapewa namba kati ya 96 na 127. Wengi wanaweka 101 kwa mazoea, lakini si sheria. Mashine yenye kujua 101 tu, ikipewa 96, haielewi kitu.

Na ku karto za zote mbili imeandikwa "SIP". Ni kama mbolea: kuona "NPK" ku mufuko haitoshi, lazima usome kama ni 17-17-17 ao kitu kingine.

Basi, ukiwa katika mradi, mbele ya kulipa uliza muuzaji wa simu, mwenye serveri, na kompanyi yenye kuleta laini: munatuma butoni kwa njia gani? Mukubaliane njia moja, vizuri RFC 4733, na zingine zifungwe. Kiisha mupime kwa kuita kutoka kila rezo yenye walimaji wanatumia: finyeni namba zote, 0 mpaka 9, pamoja na nyota na alama ya reli, haraka-haraka, kiisha pole-pole. Muangalie ku serveri kama zimefika zote, kila moja mara moja.

Hiyo kazi haiombi diplome ya enjenyeri. Inaomba mutu wa kuuliza, mbele walimaji hawajaanza kuita.