Kobalti katika Ncha ya Keekee

Dhahabu ya Tarime na Serengeti, mkoani Mara, imo ndani ya miamba ya kale iliyo migumu mno. Katika mgodi wa North Mara, huko Nyamongo, ulioanza kutoa dhahabu mwaka 2002, mwamba hutobolewa kwanza kwa keekee kubwa, kisha hutiwa baruti.

Katika usemi wa kila siku neno chuma huchukua maana ya karibu kila metali, na ncha ya keekee nayo huitwa chuma. Hapa neno hilo lapoteza. Mwili wa ncha ni feleji, lakini vifundo vinavyougusa mwamba ni vya kabidi ya tangisteni, ambayo wataalamu wengi huihesabu upande wa kauri, kwa kuwa ni ngumu, na peke yake huvunjika upesi kama chungu.

Kabidi huyeyuka karibu na digrii 2,800 za sentigredi, hivyo ni shida kuishikamanisha kwa moto. Mwaka 1923 Karl Schröter, wa kampuni ya Osram mjini Berlin, aliomba hataza ya kuichanganya na metali. Kobalti ndiyo iliyofaa kupita zote. Unga wa vitu hivi viwili husagwa pamoja, hushindiliwa, kisha hutiwa katika tanuu la digrii kama 1,400. Kobalti safi huyeyuka kwa digrii 1,495, lakini ikigusana na kabidi huyeyuka mapema zaidi, ikatambaa na kulowesha kila chembe.

Kulowesha ndiko kiini cha jambo. Nikeli hailoweshi vema kabidi ya titani. Mwaka 1956 Humenik na Parikh, huko Marekani, walionyesha kwamba ikiongezwa molibdeni, kasoro hiyo huondoka na chembe hubaki ndogo.

Kipimo nacho kina hukumu yake. Kobalti ikizidi, ncha hustahimili mapigo lakini huchakaa upesi. Ikipungua, huwa ngumu lakini hupasuka.

Maana ya neno yaweza kugusa hata uhai. Anayeinoa ncha akidhani ni chuma tu hataiogopa vumbi lake. Kumbe vumbi la kobalti na kabidi hudhuru mapafu, na mwaka 2006 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililihesabu miongoni mwa vitu vinavyoelekea kuleta saratani. Basi yafaa fundi apewe jina linalosema kweli: kauri iliyofungwa kwa kobalti.