Mwalimu wa Chombo Aliyesahauliwa Malindi

Majuzi stima ilipotea mtaani kwetu Umoja, hata zile taa ndefu tuziitazo mulika mwizi zikazimika. Baada ya miezi mingi tukaziona nyota. Kijana wa jirani, aliyekuwa akimwelekeza mwendesha bodaboda kwa ramani ya simu, akaniuliza: "Mzee, kabla ya simu mabaharia walijuaje walipo?"

Nikamwonyesha mbingu.

Marubani wa Bahari ya Hindi walitumia kamali, yaani kibao kidogo chenye uzi uliopigwa mafundo. Rubani aliuma uzi, akakinyoosha kibao mbele yake hadi ukingo wa chini ukagusa upeo wa bahari, na wa juu ukagusa nyota ya Jaa, ile ya kaskazini. Fundo lililobaki menoni lilimpa kimo cha nyota, na kwa kimo hicho akajua yuko umbali gani kutoka ikweta. Akitaka kurejea bandari fulani, alisafiri mpaka nyota ikawa katika kimo cha bandari hiyo, kisha akageukia mashariki au magharibi hadi akaona nchi kavu.

Kamali haikuweza kupima umbali wa mashariki na magharibi. Hilo lilingoja saa ya Mwingereza John Harrison, iliyojaribiwa baharini kuanzia mwaka 1761.

Sisi shuleni tulifundishwa kwamba Vasco da Gama "alivumbua" njia ya kwenda Bara Hindi. La hasha! Aling'oa nanga Malindi tarehe 24 Aprili 1498 akiongozwa na rubani aliyepewa na mfalme wa mji huo, na tarehe 18 Mei wakaiona nchi waliyoikusudia. Mwanahistoria Mreno João de Barros aliandika mwaka 1552 kwamba da Gama alimwonyesha rubani huyo astrolabu yake, naye hakustaajabu hata kidogo, bali akaeleza vyombo vyao wenyewe.

Barros anamwita Malemo Cana. Wengi wamedai kwamba ndiye Ibn Majid, bingwa wa Uarabuni, lakini wataalamu wamelipinga dai hilo. Malemo ni malimu, mwalimu wa chombo. Cana ni kanaka, mnajimu. Hivyo tulichorithi ni cheo. Jina lake limepotea, ilhali nguzo ya da Gama ingali imesimama Malindi.

Kwa maoni yangu, walimu wa Kayole, Dandora na Makadara hawana haja ya kungoja msaada wa serikali. Kibao na uzi vyatosha. Nairobi iko kusini mwa ikweta, kwa hivyo Jaa hatuioni, lakini Msalaba wa Kusini tunao. Mtoto apime mwenyewe, ndipo asome habari za da Gama.

Usiku ule nilitoboa kipande cha ubao, nikatia uzi, nikampa kijana. Aliuma uzi, akafumba jicho moja, akaitafuta nyota. Alikuwa bado anahesabu mafundo stima iliporudi.