Kitenzi 'kutoka' kilivyoniulia samaki

Mjukuu wangu alipotimiza miaka minane nilimnunulia tangi la kioo na samaki sita wa dhahabu. Baada ya wiki mbili nikaongeza wawili kutoka duka jingine, nikawatia moja kwa moja kwenye maji ya wenzao. Hilo lilikuwa kosa langu la kwanza. La pili lilikuwa kosa la kiisimu, na kwa mtu aliyefundisha Kiswahili chuoni kwa zaidi ya miaka thelathini, aibu yake haisemeki.

Siku chache baadaye samaki walianza kujisugua kwenye kokoto. Nilipowachungulia nikaona mapezini madoa meupe madogo mfano wa chembe za chumvi. Nikapiga picha, nikakimbia nayo dukani. Kijana wa pale hakushtuka. "Ni kawaida hii, mzee. Weka hii dawa kila siku, hayo madoa yatatoka tu."

Kweli, siku ya nne samaki walikuwa safi. Nikampigia simu: "Madoa yametoka." Akajibu, "Si nilikwambia?" Chupa ya dawa nikaifungia kabatini. Hazikupita siku kumi, samaki walikuwa weupe kana kwamba wamenyunyiziwa unga, wanatweta juu ya maji. Kati ya wanane walibaki wawili. Mjukuu akaniuliza, "Babu, si ulisema yametoka?"

Swali hilo ndilo lililonirudisha kwenye kamusi, kisha kwenye vitabu vya wenzangu wa elimu ya samaki.

Tukianza na lugha, hebu zingatia sentensi hizi. "Vipele vimemtoka mtoto" maana yake ni kwamba vipele vimejitokeza. Juzi havikuwepo, leo vipo. "Doa limetoka kwenye shati" maana yake ni kwamba doa halipo tena. "Pepo amemtoka" tunaisema kwa furaha, ilhali "jasho limemtoka" si habari ya kupona. Kitenzi ni kilekile. Kinachobainisha maana ni muktadha pamoja na kile tunachokijua kuhusu jasho, mashati na mapepo. Kuhusu madoa ya samaki nilikuwa sijui lolote, kwa hiyo nikayachukulia kama doa la shati. Na doa la shati, likishatoka, hatuna haja ya kuuliza limekwenda wapi.

Hili la samaki linakwenda mahali. Lile doa ni kiumbe hai, kimelea wa seli moja tu aliyejichimbia chini ya utando wa nje wa ngozi au wa matamvua, akila na kunenepa mpaka anakaribia milimita moja. Akishiba, humtoka samaki kwa hiari yake, dawa iwepo isiwepo. Hushuka, akajibandika kwenye kokoto, majani au kioo, akajizungushia kifuko. Humo hugawanyika mara mbili, nne, nane, kumi na sita, hadi kufikia mamia ya watoto, wakati mwingine hata elfu moja. Kifuko hupasuka, na watoto hao huogelea kumtafuta samaki. Wasipompata ndani ya siku mbili hivi, wengi wao hufa.

Sasa tazama dawa inafanya kazi wapi. Akiwa chini ya ngozi, kimelea analindwa na samaki mwenyewe. Akiwa kifukoni, analindwa na kifuko. Dawa za kawaida zinazotiwa majini humuua katika kile kipindi kifupi tu cha kuogelea. Kwa hivyo siku ile niliyoifunga chupa ndiyo siku iliyohitaji dawa kuliko zote: samaki walikuwa safi kwa sababu tangi lilikuwa limejaa wazazi watarajiwa.

Fauka ya hayo, sikuwa na hita, na usiku wa Julai jijini Nairobi mnaujua. Katika maji ya nyuzi 24 hadi 26 za selsiasi, mzunguko huu wote humalizika kwa siku nne hadi saba hivi. Maji yakipoa hurefuka, na katika maji baridi sana huchukua wiki nyingi. Ndiyo maana wajuzi hupandisha joto kidogo kidogo kwa kiwango ambacho samaki wao wanakihimili, na huendelea na dawa kwa siku kadhaa baada ya doa la mwisho kupotea. Kwenye maji baridi siku hizo huongezwa. Jicho peke yake halitoshi.

Jina la kisayansi la kimelea huyu ni Ichthyophthirius multifiliis, alilopewa na Fouquet mwaka 1876. Sehemu ya kwanza ni Kigiriki, maana yake chawa wa samaki. Ya pili ni Kilatini: mwenye watoto wengi. Nusu ya kwanza inapotosha, maana huyu si chawa hata kidogo. Tena yupo kiumbe mwingine anayestahili zaidi kuitwa chawa wa samaki, Argulus, ambaye ni wa jamii ya kamba na kaa, anaonekana kwa macho, na unaweza kumbandua kwa kibano. Mfasiri akitafsiri neno kwa neno atatuachia chawa wawili wasiohusiana, na mfugaji atatafuta kibano pasipo na cha kubandua. Nusu ya pili ya jina ndiyo yenye faida. Lau chupa yangu ingeandikwa "kimelea wa watoto wengi" badala ya "dawa ya madoa meupe", nadhani ningejiuliza hao watoto wako wapi.

Hata neno letu "kimelea" lina mtego wake. Limetokana na -melea, yaani kumea juu ya kitu kingine, kama mmea unaomelea mti. Linatupa taswira ya kitu kilichotia mizizi mahali pamoja, kumbe huyu wetu ni msafiri. Ndiyo sababu naandika "kimelea huyu" wala si "kimelea hiki". Najua wapo watakaonibishia, na wanafunzi wangu wamekuwa wakinibishia kwa miaka. Ila upatanisho wa A-WA unanikumbusha kwamba ninayeshughulika naye anaondoka, anatafuta, na anarudi.

Mwezi uliopita nilirudi kwa yule kijana. Sikwenda kugombana, nilitaka tangi dogo la pili, ili samaki wageni wakae peke yao wiki tatu au nne kabla ya kuchanganywa na wenyeji. Nikamweleza habari ya kutoka na kutokomea. Akasikiliza, akakuna kichwa.

"Sasa mteja akiniuliza, nimwambie aje?"

Nikamwambia hata mimi bado natafuta neno. Akafikiri kidogo huku akifunga mfuko wa maji.

"Nitamwambia wameshuka," akasema. "Abiria wameshuka, lakini bado wako steji."