Udhaifu wa Jiwe na Ustadi wa Wajenzi wa Kale

Kipande cha chaki kikikandamizwa kutoka ncha zake mbili hustahimili, lakini kikipindwa kidogo tu hukatika. Kupinda huubana upande mmoja na kuuvuta upande wa pili, na chaki haiwezi kustahimili kuvutwa. Jiwe nalo lina tabia hiyo hiyo. Udhaifu huo ulichangia sana kuyapa umbo majengo ya kale yaliyoizunguka Bahari ya Mediterania.

Huko Karnak, nchini Misri, ukumbi mkuu wa hekalu la Amun, uliokamilishwa na Farao Ramses II katika karne ya 13 K.K., una nguzo 134. Kumi na mbili za katikati zina kimo cha meta 21 hivi. Paa lilikuwa la mabamba ya mawe yaliyolazwa juu ya boriti za mawe. Boriti ya jiwe ikizidi urefu hukatika kwa uzito wake yenyewe. Kwa hiyo ilibidi nguzo zisongamane, na ukumbi ukawa mfano wa msitu.

Hata hivyo, Wamisri walilijua tao. Ng'ambo ya mto Nile, kando ya hekalu jingine la Ramses huyo huyo, zimo ghala za matofali mabichi zilizoezekwa kwa matao, na baadhi yake zingali zimesimama. Ujuzi uliotumika kuhifadhi nafaka haukutumika kuezeka ukumbi wa Karnak.

Wagiriki nao walishika njia ya nguzo na boriti. Parthenon ya Athens, iliyojengwa kwa marumaru kati ya 447 na 432 K.K., ina nguzo 8 mbele na 17 ubavuni, zikiachana meta 4.3 hivi kutoka kitovu hadi kitovu. Mafundi wake hawakuupanua uwazi huo. Juhudi yao waliitia katika uwiano. Kila nguzo hupungua unene kuelekea juu, na ubavu wake umevimba kidogo mno. Paa lenyewe lilibebwa na mbao.

Warumi ndio waliolieneza tao katika madaraja, mifereji ya maji na kumbi za watu wengi. Mawe ya tao huchongwa mfano wa kabari, na kila moja humwegemea jirani yake. Uzito wote huyabana, wala hauyavuti. Pamoja na tao walitumia zege la chokaa, jivu la volkano na vipande vya mawe. Kuba la Pantheon mjini Roma, lililomalizika yapata mwaka 126 B.K. chini ya Kaisari Hadrian, lina kipenyo cha meta 43.3 bila nguzo hata moja katikati. Zege la chini lina mawe mazito, la juu lina mawe mepesi ya volkano yenye vitundu, na kileleni pameachwa tundu la meta 9 hivi.

Lakini kuba husukuma nje miguu yake. Ukuta wa Pantheon una unene wa meta 6 hivi ili kuizuia nguvu hiyo, na bado sehemu ya chini ya kuba ina nyufa za wima, pale zege linapovutwa. Ndiyo sababu mjenzi wa leo hutia nondo ndani ya zege: chuma hupokea mvuto ambao jiwe, kama chaki, haliuwezi.