Azibaye Ufa Asibomoe Ukuta

Wahenga walituusia kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Usia huo una maana kubwa katika zama hizi ambazo kazi za ofisi, skuli, hospitali na biashara hufanywa kwa kompyuta. Kila kompyuta ina programu endeshi, yaani ile programu mama inayoziongoza nyingine zote. Na programu hiyo, kama ilivyo kazi yoyote ya binadamu, haikosi nyufa. Ndiyo sababu watengenezaji hutuma marekebisho kwa njia ya intaneti, ambayo siku hizi huitwa masasisho. Kwa wenye Windows, desturi iliyoanza mwaka 2003 ni kuyatuma Jumanne ya pili ya kila mwezi. Hilo ni jambo jema na hatuna ugomvi nalo. Malalamiko yetu ni kwamba fundi aliyetumwa kuziba ufa mara nyingine hubomoa ukuta, na akiitwa haitiki.

Hatulisemi hili kwa kusikia tu. Jioni moja hivi karibuni, ukurasa wa mwisho wa gazeti hili ukingojewa na wapiga chapa, kompyuta tunayoitumia kupangia kurasa ilitangaza kwamba inasasishwa, ikajizima bila ya kungoja ruhusa ya mtu, kisha ikaanza kuhesabu asilimia. Ilifika 30, ikakaa. Ilifika 85, ikatuarifu kwamba marekebisho yameshindikana na kwamba sasa inayaondoa. Saa mbili na nusu zikapita. Ukurasa ulipangwa upya kwa kompyuta ya kuazima, na gazeti likaikosa boti ya asubuhi ya Pemba. Tulipompigia simu aliyetuuzia, alisema hilo si lake, ni la mtengenezaji. Tulipomtafuta mtengenezaji, tulipokewa na sauti ya mashine, kwa Kiingereza, ikitutaka tubonyeze nambari moja baada ya nyingine. Ushauri tulioupata mwishoni ni kuizima kompyuta na kuiwasha tena, jambo ambalo yenyewe ilikuwa imeshalifanya mara tatu bila ya kushauriwa.

Twaamini wasomaji wetu wengi wana kisa chao cha namna hii. Ni nani asiyewahi kusimama mbele ya dirisha la ofisi akaambiwa asubiri, kwa kuwa kompyuta inajisasisha? Mwananchi aliyetoka Makunduchi tangu alfajiri kufuata cheti chake hana la kufanya ila kungoja, na karani aliye mbele yake hana la kufanya ila kuomba radhi kwa kosa lisilo lake.

Wala tabu hii si ya visiwani peke yake. Tarehe 2 Oktoba, 2018, kampuni ya Microsoft ya Marekani ilitoa sasisho kubwa la Windows 10. Siku nne baadaye ililisimamisha, kwa kuwa baadhi ya waliolipokea walikuta nyaraka na picha zao zimefutika. Chanzo chake ni somo. Sasisho la kabla yake, la Aprili mwaka huo, lilikuwa limewaachia baadhi ya watu majalada matupu ya ziada, nao wakalalamika. Waandishi wa programu wakaweka amri ya kuyaondoa. Lakini kwa wale waliokuwa wamehamishia nyaraka zao mahali pengine na kubakisha baadhi katika majalada ya zamani, amri ile iliyafuta majalada hayo pamoja na vilivyokuwamo. Marekebisho ya kosa dogo yakazaa kosa kubwa.

Kampuni ilieleza kwamba taarifa za kupotelewa zilikuwa chache, sawa na moja katika kila usakinishaji 10,000. Huenda hesabu hiyo ikamtuliza mwenye kampuni. Haimtulizi aliyepotelewa na picha za harusi ya mwanawe. Na linalohuzunisha zaidi ni kwamba habari zilikuwa zimefika mapema. Miongoni mwa watu waliojitolea kulijaribu sasisho hilo kabla halijatolewa, wapo walioandika kwamba nyaraka zao zimepotea. Taarifa zao zikazama katikati ya nyingine nyingi. Ni baada ya maafa ndipo kampuni ilipoongeza mahali pa mlalamikaji kueleza uzito wa hasara yake. Sasisho lenyewe lilitolewa tena tarehe 13 Novemba.

Miaka miwili kabla ya hapo, mwaka 2016, iliripotiwa kwamba mfanyabiashara mmoja wa California aliishitaki kampuni hiyo hiyo katika mahakama ya madai madogo. Alidai kwamba kompyuta ya kazini kwake ilijaribu kujipandisha hadi Windows 10 bila ya idhini yake, ikashindwa, ikawa nzito na kukwama kwa siku kadhaa, na kwamba huduma kwa wateja haikumfaa kitu. Alishinda, na akalipwa dola 10,000. Kampuni ilikana kosa lolote, ikasema imeiacha rufaa yake ili kuepuka gharama za kesi. Sisi hatumshauri mwananchi kukimbilia mahakamani. Tunachokiona katika kisa hiki ni kwamba mtu yule alimtafuta hakimu baada ya kumkosa fundi.

Hapo ndipo hatari ilipo, na ndiyo hoja yetu ya leo. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mtu ambaye kazi yake imeharibiwa mara mbili tatu na masasisho huamua kuyafunga kabisa, na jirani yake humwiga. Wapo hata mafundi ambao hulifanya hilo kuwa jambo la kwanza wanapoiandaa kompyuta ya mteja, na mteja hushukuru. Hajui kwamba ameachiwa mlango wazi.

Yaliyotokea mwaka 2017 yanatosha kuwa onyo. Tarehe 14 Machi ya mwaka huo Microsoft ilitoa marekebisho ya ufa mmoja mkubwa katika Windows. Tarehe 12 Mei kikazuka kirusi kilichoitwa WannaCry, kilichopita katika ufa huo huo, kikazifunga nyaraka za watu na kudai malipo ili zifunguliwe. Kwa siku chache tu kiliingia katika kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150. Nchini Uingereza baadhi ya hospitali za umma zilirudi kwenye kalamu na karatasi, magari ya wagonjwa yakaelekezwa kwingine, na miadi ya matibabu inayokadiriwa kuzidi 19,000 ikafutwa. Kompyuta zilizoambukizwa katika hospitali hizo zilikuwa hazijawekewa marekebisho, ama zilikuwa na Windows kongwe isiyohudumiwa tena. Dawa ilikuwapo kwa miezi miwili, na wagonjwa wakaumia kwa kuwa haikunywewa.

Kwa hiyo mtengenezaji anayetoa sasisho bovu hamdhuru aliyelipokea tu. Huwafundisha watu kuikimbia dawa, na ukishaingia mjini ugonjwa haumchagui aliyeogopa na asiyeogopa. Imani ya watumiaji ni sehemu ya ulinzi wa kompyuta, na imani hiyo hailetwi na matangazo bali na majibu.

Kisa cha Ijumaa ya tarehe 19 Julai, 2024, kina funzo jingine. Safari hii kosa halikuwa la mwenye programu endeshi, bali la kampuni ya ulinzi wa kompyuta iitwayo CrowdStrike. Saa 1 na dakika 9 asubuhi, kwa saa zetu, ilituma sasisho dogo lenye kasoro kwa wateja wake duniani, na kompyuta za Windows zilizolipokea zikaanguka na kubaki na kioo cha buluu. Sasisho hilo liliondolewa baada ya dakika 78. Lakini kompyuta zipatazo milioni 8.5 zilikuwa zimeshapatwa, na safari za ndege, kazi za benki na za hospitali zikavurugika katika nchi nyingi. Nyingi ya kompyuta hizo hazikuponywa kutoka mbali. Ziliponywa na mafundi waliokwenda kwenye moja baada ya nyingine, wakaiwasha kwa njia ya dharura na kulifuta faili bovu kwa mkono.

Basi na tujiulize sisi wa visiwani: siku hiyo ikitufika, mkono huo utatoka wapi? Umeme wetu huja kutoka Bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari, na hatujasahau jinsi Unguja ilivyokaa gizani takriban mwezi mmoja mwaka 2008, na tena takriban miezi mitatu kuanzia Desemba 2009. Intaneti nayo hutegemea nyaya za baharini. Zilipokatika nyaya za EASSy na Seacom tarehe 12 Mei, 2024, Afrika Mashariki yote iliona taabu. Sasisho huandikwa na mtu ambaye umeme wake haukatiki na intaneti yake haipimwi kwa vifurushi. Likimfikia karani wa Wete, humla kifurushi chake cha mwezi kabla ya kazi kuanza. Na umeme ukikatika katikati, kompyuta huweza kugoma kuwaka kabisa. Fundi wa kuiamsha yuko ng'ambo ya bahari na ng'ambo ya lugha.

Tena muda wetu wa kujiandaa si mrefu. Tarehe 14 Oktoba, 2025, huduma ya kawaida ya Windows 10 ilifikia kikomo baada ya miaka kumi, na nyongeza ya mwaka mmoja iliyotolewa kwa watumiaji wa majumbani ilipangwa kuishia Oktoba 2026. Windows 11 hudai kichakato cha karibuni na kifaa maalumu cha usalama, vitu ambavyo kompyuta nyingi za zamani hazina. Kompyuta hizo zitaendelea kuwaka, ndiyo, lakini nyufa zake mpya hazitazibwa. Kila ofisi haina budi kuamua: inunue mpya, ilipie nyongeza pale inapowezekana, au ihamie kwenye programu huria kama Linux. Kutoamua nako ni uamuzi, tena ndio ulio mbaya kuliko yote.

Kwa hali hii tunatoa rai zifuatazo kwa wahusika. Kwanza, mkataba wowote wa kununua kompyuta za Serikali utaje fundi aliyepo hapa hapa visiwani, anayejibu kwa Kiswahili, na muda ambao hana budi kufika. Muuzaji asiyeweza kuahidi hivyo asipewe zabuni, hata bei yake ikiwa nafuu. Pili, sasisho lisiwekwe katika kompyuta zote za idara kwa siku moja. Lijaribiwe kwanza katika chache, likionekana salama lienezwe, tena baada ya saa za kazi na penye betri ya akiba. Tatu, nyaraka zote ziwe na nakala nje ya kompyuta, na nakala hizo zijaribiwe kama zinafunguka. Nne, vijana wetu wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar na wa Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Karume wapewe nafasi ya kujifunza kazi hii katika ofisi halisi, ili mkono tunaouhitaji siku ya dharura uwe wa kwetu. Tano, pawepo daftari la Serikali la kuandikia kasoro zote zinazotokana na masasisho. Malalamiko ya ofisi moja hupuuzwa. Malalamiko ya Serikali nzima, yakiwa na tarehe na ushahidi, si rahisi kupuuzwa na kampuni yoyote.

Na kwako ndugu msomaji: usiyafunge masasisho kwa hasira. Weka nakala ya kazi zako, chagua saa ya usiku ambayo huna haraka, kisha uyaruhusu. Yakikuharibia, andika barua na udai majibu, kwa kuwa umelipa na majibu ni haki yako.

Nyufa hazina budi kuzibwa, na atakayeziba tunamkaribisha. Tunachomtaka ni kwamba abishe hodi kabla ya kuingia, na akivunja kitu asiondoke mpaka amekitengeneza.