Mshikamano au Mnatano? Istilahi za Seli na Maradhi Yake

Tulipewa kazi ya kutafsiri kijitabu cha waganga kuhusu malaria ya wajawazito, kitumike katika zahanati za Rufiji na Kibiti. Kabla ya kukitoa tuliona yafaa kukisoma mbele ya wasikilizaji, nasi tukaenda Chumbi, kusini ya Mto Rufiji, kando ya barabara iendayo Lindi. Sentensi yetu moja ilisema: "Seli za damu zenye vimelea hushikamana na kondo la nyuma." Mama mmoja aliyekuwa akisuka ukili akatuuliza: "Sasa zikishikamana, mwanangu, si ndiyo heri? Penye mshikamano ndipo penye nguvu." Hakuna aliyecheka. Watu walikuwa wakingoja jibu, nasi hatukuwa nalo.

Kosa lilikuwa letu. Neno mshikamano limetumika kwa miaka mingi katika siasa, katika vyama vya ushirika na katika misiba, hata limekuwa neno la sifa tupu. Mtafsiri aliyepo ofisini huliona kuwa sawa, kwani linaeleza vitu viwili vilivyoshikana. Lakini msikilizaji hapokei maana ya kamusi peke yake. Hupokea pia heshima ambayo neno limekwisha kujichumia. Katika makala hii tutaeleza kwanza jambo lenyewe, kisha istilahi tunazozipendekeza.

Mwili haukufanywa kwa seli tupu zilizorundikwa kama mpunga ghalani. Baina ya seli na seli kuna kitu kingine, ambacho hutengenezwa na seli zenyewe na kutolewa nje. Msomaji na aitazame nyumba ya miti na udongo. Fito na kamba huzuia ukuta usikatike. Udongo uliokandikwa hujaza nafasi na kuzuia usibonyee. Katika mwili, fito ni nyuzi za kolajeni, ambayo ni takriban theluthi moja ya protini zote tulizo nazo. Udongo ni ute wa protini na sukari ulioshika maji mengi. Tofauti ni kwamba fundi wa nyumba humaliza kazi akaenda zake, ilhali seli hukaa humo humo zikibomoa na kukandika upya maisha yote.

Wazungu wamekiita kitu hicho kwa neno la Kilatini ambalo asili yake ni tumbo la uzazi. Kulitohoa neno hilo kungetupatia sauti bila ya picha. Wengine wamependekeza ukuta, lakini ukuta wa seli ni jambo jingine, la mimea. Kiunzi tayari kinatumika kwa mifupa. Gundi nayo husahaulisha zile fito. Tumeonelea tuchukue kitenzi kandika na kuunda nomino: kandiko la seli. Fundi yeyote wa Chumbi atalielewa kabla hajaelezwa, na mwanafunzi wa biolojia hatalichanganya na neno jingine la somo lake.

Ama kuhusu kunata kwenyewe, seli zina molekuli maalumu zinazotokeza kwenye utando wake, na kwa hizo hujishikiza kwenye kandiko au kwenye seli jirani. Mmoja wa wataalamu waliozigundua ni Richard Hynes, aliyezaliwa Kenya mwaka 1944 na kulelewa Uingereza. Yeye na wenzake wawili walipewa tuzo ya Lasker mwaka 2022 kwa kazi hiyo. Kitenzi kilichotufaa ni nata. Nomino mnato imekwisha kutwaliwa na wanafizikia kwa ile tabia ya kimiminiko kizito, kama asali, kukataa kutiririka upesi. Kwa hiyo tunasema mnatano wa seli, na molekuli inayouleta tunaiita kinatisho, wingi vinatisho.

Maradhi ya kandiko na mnatano si mageni kwetu, ingawa majina yake hayaonyeshi udugu wao. Kiseyeye hutokea mtu akikosa vitamini C, kwani bila ya hiyo nyuzi za kolajeni hazikazi, na ufizi hutoka damu. Saratani hutapakaa mwilini seli zake zinapoacha kunatana na jirani na kulitafuna kandiko ili zipite. Selimundu ni istilahi nzuri, fupi na yenye picha, lakini picha hiyo ni ya umbo tu. Seli hizo haziishii kupinda. Hunata pia kwenye kuta za mishipa, na kunata huko ni sehemu ya maumivu ya mgonjwa. Hatusemi jina libadilishwe. Twasema mwalimu asiishie kwenye mundu.

Mfano ulio mzito kuliko yote katika bonde la Rufiji ni malaria. Kimelea kinachoua zaidi, falsiparamu, huchukua saa 48 hivi kukua ndani ya seli nyekundu ya damu. Katika nusu ya pili ya muda huo husukuma protini zake hadi kwenye uso wa seli, nayo seli huota vinundu na kunata kwenye ukuta wa mshipa. Faida yake kwa kimelea ni kwamba hakipitishwi kwenye bandama, ambako seli zilizoharibika huchujwa na kuangamizwa. Kina takriban jeni 60 za vinatisho vya aina hiyo, nacho hubadilisha moja kwa nyingine ili kinga ya mwili isikitambue. Seli hizo zikijazana katika mishipa ya ubongo, mtoto huweza kupatwa na degedege na kupoteza fahamu, ijapokuwa si kila degedege ni malaria ya ubongo.

Mwaka 1996 Michal Fried na Patrick Duffy, waliofanya kazi magharibi ya Kenya, walionyesha kwamba vimelea vya kondo la nyuma hunata kwenye kondroitini, sukari ndefu ya jamii ile ile iliyomo katika kandiko la gegedu. Mama mwenye mimba ya kwanza hana kinga dhidi ya aina hiyo, hata kama amekulia kwenye malaria. Seli zikiwa zimenata kwenye kondo, tone la damu ya kidole laweza kuonekana safi, huku mama akipungukiwa damu na mtoto akikosa uzito. Ndiyo sababu kliniki humpa mjamzito dawa ya kinga hata asipokuwa na homa. Mama asiyeelewa kunata huko ana haki ya kuuliza kwa nini anameza dawa ya ugonjwa ambao kipimo kimesema hana.

Hatari ya majina haikuanza na sisi. Mwaka huo huo wa 1996 ulichapishwa utafiti wa Winch, Makemba na wenzao kuhusu majina ya homa wilayani Bagamoyo. Walikuta kwamba watu waliijua homa ya malaria na kuihusisha na mbu, lakini wengi waliitenga na degedege, ambayo waliipeleka kwa waganga wa jadi. Mabango yaliyosema "malaria" hayakumgusa mzazi ambaye mtoto wake, kwa lugha yake, hakuwa na malaria.

Tulirudi Chumbi na sentensi mpya: "Seli za damu zenye vimelea hunata ndani ya kondo la nyuma, zikajificha humo, na kipimo cha kidole kisizione." Yule mama akasema, "Kumbe kama ulimbo." Ulimbo ni utomvu wa kunasia ndege, na kwa kweli hatukuwa tumeufikiria. Tumeutia katika kijitabu.

Kinatisho, hata hivyo, hakikupokewa vizuri hivyo. Mwalimu mmoja alisema wanafunzi watakisoma "kitisho", na hoja yake ina uzito. Mwenye neno bora na atuandikie.